Mkeka wa Mama na Barua ya Mistari Miwili

Mimi nakaa dirishani, pale watu wanapolipia bili za maji, na meza ya Sieni iko nyuma ya mgongo wangu. Kwa hiyo simwoni, namsikia tu. Asubuhi ile wifi yake Pelenise alipoingia ofisini na cheti cha darasa la uandishi, nilimsikia Sieni akivuta pumzi kama aliyeungua ulimi kwa kakao ya moto.

"Karatasi tu hiyo," akasema. "Hata maandazi ya panikeke sokoni wanafunga kwa karatasi."

"Wivu ni kidonda, shoga," nikamwambia bila kugeuka.

"Nimwonee wivu nani? Yule? Tusipa, usinichekeshe."

Sasa sikia, ujue donge lilikuwa wapi. Sieni ni binti wa chifu msemaji, yule anayehutubia kwa niaba ya kijiji. Barua zote za shirika letu kwenda vijijini, za kufunga maji, za kuchimba bomba, za kuomba njia, aliandika yeye, miaka nenda miaka rudi, na cheo chake kikawa kile kile: kaimu mkuu wa barua. Pelenise ni mke wa kaka yake, Asomua. Na hapa Samoa dada ni malkia nyumbani kwa kaka yake. Mke wa kaka ni mtu wa kuja, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jumapili baada ya kanisa yeye ndiye anayefukua magimbi kutoka kwenye mawe ya moto, anayepeperusha nzi kwa ukili, na anakula wakati mawifi wameshashiba na kulala. Pelenise alimletea Sieni maji ya kunawa kwa bakuli, magoti chini. Na kazi ya ofisini alitafutiwa na nani? Na Sieni mwenyewe!

"Kwa mdomo wangu huu," alikuwa akisema, anajipiga midomo kwa vidole. "Nilimwombea kwa mdomo wangu huu!"

Mkurugenzi wetu Tuiasau, kijana aliyerudi kutoka Auckland na haraka zake, barua za Sieni zilimtoa jasho. Sieni alianza na salamu za heshima za kijiji, zile tunazoita fa'alupega: kila kijiji kina zake, vyeo vyake na koo zake, na zina mpangilio ambao haubadilishwi. Salamu zikajaza ukurasa, zikafuata shukrani kwa Mungu, kisha hali ya hewa, na maji yenyewe utayakuta chini kabisa karibu na sahihi.

"Mama Sieni," Tuiasau akamwambia siku moja mbele ya watu wote, "nimesoma mpaka nimeota mvi, na bado sijui tunawaambia nini."

Tukacheka. Pelenise hakucheka, aliinamisha kichwa. Lakini Sieni aliona hata huko kuinama ni dharau. Hapo ndipo Tuiasau alipotangaza kwamba shirika litalipia darasa la jioni la uandishi wa kikazi, na atakayeandika vizuri kuliko wote atakuwa mkuu wa barua. Mkuu kamili, si kaimu, na chumba chenye dirisha la kutazama bandari.

Pelenise alikwenda awamu ya kwanza, akatoka na cheti. Akaanza kuandika barua za mistari minne, mtu anasoma huku amesimama na anaelewa. Tuiasau alimsifu hadi ikatuchosha. Na Sieni? Alihesabu kila sifa. Pelenise akivaa puletasi mpya, ni kujionyesha. Akivaa ya zamani, ni kujifanya mnyonge. Akipiga chafya, anatafuta kusikika.

Awamu ya pili Sieni akajiandikisha, bibi mwenye wajukuu. Na mimi nikajiandikisha. Biskuti zilikuwa za bure, sitaki kudanganya.

Mwalimu wetu, mama mmoja mpole aitwaye Etevise, siku ya kwanza aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: ANAYESOMA NI NANI? Akasema, kabla hujashika kalamu, mwone yule mtu kwanza, amekaa wapi, anajua nini, anataka kusikia nini. Nikanakili. Nikamtazama Sieni, daftari lake jeupe. Macho yake yalikuwa ukutani, kule mwalimu alikobandika kazi nzuri za awamu iliyopita, na ya juu kabisa ilikuwa ya nani? Ya wifi.

"Tazama," akaninong'oneza. "Amemwekea nyota."

"Nakili ubao, wewe."

"Nyota, Tusipa! Kama mtoto wa chekechea!"

Wiki iliyofuata mwalimu akafundisha kukata maneno yasiyo na kazi, na la muhimu kuliko yote liwe la kwanza. Hilo Sieni alilinakili, akalipigia mstari, akalilalia na kuliamkia. Alikuwa na akili, msidhani. Alikata, akakata tena. Akinitumia ujumbe wa simu alikuwa anaandika, "Njoo. Samaki." Basi, na mimi nakwenda nakuta samaki.

Ndipo ikaja kazi ya Lalofuti. Chemchemi inayolisha nusu ya mji iko juu ya kijiji hicho, kwenye ardhi yao, na bomba kuu lilikuwa limeoza. Ilibidi maji yafungwe siku chache na mafundi wapite. Tuiasau akasema, "Barua hii ndiyo mtihani. Mama Sieni, andika wewe."

Sieni akaandika, akaja kunionyesha dirishani, wateja wamepanga foleni.

"Maji yatafungwa Jumatatu hadi Jumatano. Mafundi watapita kwenu asubuhi."

"Iliyobaki iko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo. Mistari miwili! Yule angetumia minne."

"Na salamu? Sieni, hao ni machifu wa Lalofuti."

"Maneno yasiyo na kazi," akasema, uso unang'aa. Binti wa msemaji! Mtu aliyejua salamu za kila kijiji cha kisiwa hiki kabla hajaota meno! Nikamwambia airudie barua. Akaniambia nihesabu hela za watu.

Tuiasau aliisoma kwa sauti ofisi nzima, akaipigia makofi. Pelenise peke yake alinyanyua mkono, taratibu. "Samahani, bosi, labda tuongeze salamu kidogo..."

"Unaona?" Sieni akaruka. "Roho inamuuma! Wifi, meza tu, utazoea."

Barua ikaenda.

Jumatatu mafundi walikuta gogo la mnazi limelazwa barabarani na kuti limefungwa kwenye lango la chemchemi, na kuti likishafungwa hapiti mtu. Juu ya gogo amekaa msemaji wa kijiji, mzee Fuiono, na barua mkononi.

"Rudini," akawaambia. "Hatujui mmemwandikia nani. Barua hii haina watu ndani. Sisi hata nguruwe tunamwita kwanza ndipo tunammwagia chakula."

Tuiasau alipiga simu, simu ikakatwa. Alikwenda na kreti za samaki wa kopo, zikarudi. Bomba likapasuka kabla halijaguswa, mji ukawa unachota maji kwa ndoo. Ofisini Sieni alikaa ameganda, na sisi tulikuwa hatumtazami.

Jumatano alfajiri dereva wa ofisi alinipitia nyumbani. "Panda, mama. Pelenise yuko Lalofuti, amekwenda kufanya ifoga."

Ifoga! Yaani kukaa chini mbele ya nyumba ya uliowakosea, umefunikwa mkeka wa heshima, ungoje wakufunue au wakufanye watakavyo. Hiyo ni ya damu iliyomwagika, si ya barua. Tukampitia Sieni, akaingia nywele hazijachanwa.

"Anajionyesha!" akafoka njia nzima. "Hata aibu yangu anataka kuivaa yeye! Mwizi, mwizi mkubwa!"

Tulipofika, mbele ya nyumba ya mkutano palikuwa na kilima kidogo juu ya kokoto, kimefunikwa mkeka laini wenye manyoya mekundu pembeni. Sieni alisimama ghafla.

"Mkeka wa mama," akasema.

Mama yake aliusuka miaka mpaka macho yakafifia. Sieni alijua ataurithi yeye. Siku ya harusi ya Asomua, mama akampa Pelenise. Hilo ndilo donge lenyewe, mwenzangu, la cheo lilikuwa juu yake tu.

Sikuwahi kumshika. Alikimbia, akainua pindo la mkeka, akajisukuma ndani. Tukasikia mle chini:

"Sogea."

"Wifi, nenda nyumbani."

"Sogea, nimekwambia! Kosa ni langu. Katafute lako!"

Mzee Fuiono akatoka, akaufunua. Wanawake wawili, wamebanana kama kuku kapuni.

"Nani aliandika?"

"Mimi," Sieni akasema. "Huyu hawezi kuandika upuuzi kama ule."

Kisha, amekaa vile vile kwenye kokoto, akaanza salamu za Lalofuti. Alizitoa zote, chifu kwa chifu, ukoo kwa ukoo, hakuruka hata mmoja, machozi yanamtiririka na sauti haitetemeki. Machifu wakatoka mmoja mmoja wakaketi. Alipomaliza, Fuiono alitikisa kichwa kukubali.

"Sasa barua imefika," akasema.

Kuti likakatwa. Na mkeka, kama ilivyo desturi, ukakunjwa ukaingia ndani ya nyumba yao. Haurudi. Pelenise alilia waziwazi, mkono mdomoni.

Chumba chenye dirisha alipewa Pelenise. Siku hizi barua ikienda kijijini, Sieni anaandika salamu, Pelenise anaandika jambo, na maji ya kunawa Jumapili kila mtu anajichotea. Ila Sieni anakuja dirishani kwangu, ananuna.

"Kosa nilifanya mimi, mkeka kautoa yeye," akaniambia juzi. "Sasa nimdai nini? Nilikuwa na wivu wangu mzuri tu, Tusipa, na huyu mwanamke ameniharibia."