Miwani Mipya na Chai ya Hotelini

Nichekeni tu, wasomaji wenzangu. Miaka ile ya sabini nilikuwa mwalimu kijijini Kulamawe, na macho yangu yalikuwa yameanza kunisumbua. Nikaja Isiolo mjini kununua miwani aliyoniandikia daktari.

Muuzaji hata hakuitazama karatasi ya daktari. Alinivalisha miwani mizito ya fremu za dhahabu.

"Mwalimu, umekuwa kama D.C., mkuu wa wilaya!"

"Lakini sioni vizuri."

"Macho yatazoea. Usiivue!"

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa amenishika mkono kama ndugu yangu. Nikaona haya, nikalipa.

Huko nje mji ulikuwa umeyeyuka. Ngamia walipita bila miguu, kama mawingu mepesi, na buibui za akina mama zilielea juu ya vumbi. Nilitembea polepole, nusu nikiogopa, nusu nikifurahia, nikifuata harufu ya chai mpaka hotelini.

Hoteli ilijaa kelele. Kivuli chenye kofia nyeupe kikaketi mbele yangu.

"Salaam aleikum. Miwani mipya?"

"Aleikum salaam. Mipya kabisa," nikajibu, na raha ile ikanilegeza ulimi. "Muuzaji alitaka kunilazimisha. Nilimkemea mpaka akatetemeka, akaniomba msamaha!"

Kivuli kilikunywa chai taratibu. Kisha kikainama karibu kabisa, uso ukatokeza kwenye ule ukungu, na nikamtambua muuzaji wangu.

"Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "nilitetemeka saa ngapi?"