Alifunga nzi miaka sita, samaki wa kwanza akamwona Riyadh

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ijumaa. Ukungu bado umelalia maji ya bonde la Al-Ha'ir, kusini mwa Riyadh, na baridi ya Januari inauma masikio. Rosebellah Khavere ameketi kwenye buti la gari la bosi wake, mikono ya abaya ameikunja hadi viwikoni, na uzi mweusi ameushika kwa meno.

Mbele yake kuna jiliwa, kifaa kidogo cha chuma kinachobana ndoana isicheze. Ndoana yenyewe haifiki ukubwa wa kucha. Anazungusha uzi, anabana sufi ya kijani, anazungusha tena, anakaza fundo, anakata. Kufumba na kufumbua, chuma kitupu kimekuwa mdudu.

"Ona huyu," anasema akimpulizia ili sufi isimame. "Hata mimi ningemla!"

Kutoka ukingoni, mzee aliyeketi kwenye kiti cha kukunja anaita kwa sauti ya kukwaruza: "Yalla, Rosa! Njoo, wameamka!"

Rosebellah, mwenye umri wa miaka 31, anacheka na kukimbia kuelekea majini. Siku nyingine za wiki yeye ni mfanyakazi wa nyumbani: anapika, anafua, anadeki. Ijumaa asubuhi ni mvuvi.

Nzi anaowafunga si wale wa chooni, anafafanua kwa haraka mtu asije akamwelewa vibaya. Kuna wavuvi duniani wasiotumia nyungunyungu. Hurusha mdudu bandia aliyetengenezwa kwa nyoya, uzi au kipande cha sponji, na samaki akidanganyika, basi.

Kazi hiyo alijifunza nyumbani Kenya. Baada ya kumaliza kidato cha nne huko Mbale, kaunti ya Vihiga, alikwenda kwa shangazi yake Ruiru na kupata kibarua katika karakana iliyofunga nzi wa kuuzwa ng'ambo. Oda nyingi zilitoka Marekani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kuvulia samaki mdogo, bapa, anayeitwa bluegill.

"Picha yake ilibandikwa ukutani, imefifia hadi rangi ya buluu ikawa kijivu," anakumbuka. "Kila siku namfungia chakula, na sijawahi kumwona akila. Tulikuwa tunalipwa kwa dazeni, kwa hiyo hata kwenda msalani ulikuwa unajifikiria mara mbili."

Alidumu hapo miaka sita. Oda zikapungua, wasichana wakaanza kurudishwa nyumbani kumi kumi, na mwishowe mlango ukafungwa. Wakati huo mawakala wa kazi za Uarabuni walikuwa wamejaa kila mtaa. Mwishoni mwa mwaka 2017 Rosebellah akapanda ndege.

"Mama alilia kama anayenizika. Alikuwa amesikia ya wasichana waliorudi kwa sanduku."

Alitua Jeddah, kwa familia moja ya mtaa wa Al-Safa. Bosi wake, Madam Nuf, mwalimu, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mshahara wa riyal mia tisa ulifika kila mwezi. Rosebellah anajua si wote waliobahatika hivyo. Alipokuwa akienda mtaa wa Sharafiya kutuma pesa nyumbani, alikutana na Wakenya wenzake ambao kafili, yaani mwajiri anayewadhamini, alikuwa amewashikia pasipoti na hawakujua pa kulia.

Kisha simu ikapigwa kutoka Riyadh. Baba yake Madam Nuf, Mzee Abdulmohsin, alikuwa amepata kiharusi, miezi michache tu baada ya kufiwa na mkewe. Madam akafunga safari, akamchukua Rosebellah na Onesmus, dereva wa familia kutoka Kakamega. Walidhani watakaa wiki mbili.

Wiki zikageuka miezi. Mzee alianza kutembea tena, ila mkono wa kulia ulitetemeka, na moyo ulikuwa umezima. Chakula alikisukuma pembeni. Hakutaka kuhamia Jeddah, hakutaka kutoka chumbani, hakutaka wageni.

"Ukimsalimia anakuangalia kama ukuta," anasema Rosebellah. "Madam alikuwa analia jikoni, anafungua bomba ili nisisikie. Na mimi nasikia."

Siku moja, akipangusa vumbi chumbani kwa mzee, alifungua kisanduku cha mbao ili afute ndani. Ndani kulikuwa na nzi. Nondo walikuwa wamekula manyoya, miguu ya mpira ilikuwa imekatika, lakini aliwatambua mmoja mmoja, kama mtu anayekutana na watu wa kwao ugenini.

Alijua hatari ya kugusa mali ya wenye nyumba. Hata hivyo, mchana ule mzee aliposinzia, alikichukua kisanduku akaenda nacho jikoni. Aliazima koleo la Onesmus, akafunga mpira wa kufungia noti kwenye mipini yake ili libane ndoana lenyewe. Akakata kipande cha kandambili yake iliyochakaa kuwa mwili, na lastiki ya soksi kuwa miguu.

Alikuwa amefikia wa tatu Madam Nuf alipoingia.

"Rosa! Nani amekuruhusu kugusa vitu vya baba?"

"Madam, nilikuwa natengeneza..."

"Unatengeneza? Vitu hivyo marehemu mama alikuwa akimtunzia baba kabatini! Unataka kumwua baba kwa uchungu?"

Rosebellah alishaanza kuiona ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ikifutwa na begi lake likiwa mlangoni. Ndipo wakasikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu. Alikuwa amesimama mlangoni, amefuata kelele. Akanyoosha ule mkono unaotetemeka, akamwokota mdudu mmoja, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amemfunga huyu?" aliuliza.

"Mimi, Baba."

"Umejifunza wapi?"

"Kenya, Baba. Tulikuwa tunawafungia Waamerika. Kwa ajili ya bluegill."

Mzee akavuta kiti akaketi. Akaanza kusimulia, kwa Kiarabu na Kiingereza vilivyochanganyika, jinsi alivyosomea uhandisi Marekani akiwa kijana, na jinsi kila Jumamosi alivyokwenda kwenye kidimbwi nyuma ya bweni kuvua bluegill kwa sababu hakuwa na rafiki wala nauli ya kwenda popote. Alizungumza hadi chai ikapoa.

Ijumaa iliyofuata, Onesmus aliwaendesha mzee, Madam na Rosebellah hadi Al-Ha'ir, wakiwa na ufito wa zamani wa mzee wa kuvulia. Bluegill hawapo huko, ila tilapia wamejaa. Madam alikuwa ametoa sharti: mara hii moja tu, na mzee akichoka, halas, basi, wanarudi.

Mambo yalianza vibaya. Mkono wa mzee haukuweza kurusha. Kamba ilimwangukia miguuni. Akampa Rosebellah ufito, akawa anamwelekeza kwa mdomo. Kamba ikanasa kwenye matete, kisha kwenye kilemba cha Onesmus. Nzi wa kandambili alielea juu ya maji kama boti iliyosahaulika.

"Mafi samaki, hakuna," mzee akasema hatimaye, akainuka. "Turudi nyumbani."

Rosebellah aliona uso wake ukijifunga tena kama mlango. Akainama, akatazama majini. Tilapia walikuwa chini, wakiguguna ukoga wa kijani kwenye mawe.

"Baba, subiri kidogo tu!"

Alikimbilia gari. Akavuta uzi kutoka kwenye pindo la sweta yake ya kijani, akaufunga kwenye ndoana bila sponji, bila miguu, bila pambo. Akarudi akihema.

"Rusha nyuma," mzee akasema. "Ngoja! Acha kamba inyooke mgongoni kwako. Ngoja... sasa!"

Kamba ikapaa, ikanyooka, ikatua bila kishindo. Mdudu wa sweta akazama. Rosebellah akamvuta taratibu, kidogo, kidogo tena. Ghafla ufito ukajikunja.

"Nilipiga kelele hadi watu waliokuwa wakinywa chai ng'ambo wakasimama," anasema, na hata sasa anaposimulia ameinuka. "Nikasema, 'Ameshika! Ameshika! Baba, nifanyeje?' Mzee naye anapiga kelele, 'Inua! Usimpe nafasi!' Onesmus ameingia majini na viatu!"

Tilapia alitoka akimeta, mpana kama kiganja. Rosebellah alipiga magoti kwenye tope na kutazama jinsi ndoana ilivyomkaa mdomoni, pembeni, palepale alipofundishwa kwamba itakaa.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Kumbe wanakula."

Alipogeuka, mzee alikuwa anacheka hadi machozi. Madam Nuf alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, analia waziwazi, bila bomba.

Samaki alirudishwa majini, kwa kuwa maji ya bonde hilo hutoka kwenye mitambo ya kusafisha majitaka ya jiji. Onesmus hajasamehe hadi leo. "Tilapia mzima hivyo unamwachilia? Kwetu wangekuitia wazee!"

Ile mara moja tu imekuwa kila Ijumaa. Mzee Abdulmohsin sasa anamaliza sahani yake na kuuliza kama kuna nyingine. Ndiye aliyeagiza jiliwa kwa ajili ya Rosebellah. Amekubali pia kuhamia Jeddah baada ya Ramadhani, kwa sharti moja: apelekwe baharini. Tayari wanabishana kuhusu nzi wa kuwafaa samaki wenye meno.

Mkataba wa Rosebellah unakwisha mwishoni mwa mwaka. Madam amemwomba auongeze. Amejibu kwamba atamwomba Mungu kwanza. Moyoni anajua anakotaka kwenda. Dada yake Jael ameshaanza kufuga majogoo wenye manyoya marefu ya kufungia nzi huko Mbale, na wamepata chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Anataka kufungua karakana yake mwenyewe, akianza na wasichana wanne, wenzake wa zamani wa Ruiru.

"Lakini siku ya kwanza hatutafunga kitu," anasema, macho yakimng'aa. "Nitawapeleka Mto Yala, kila mmoja na ufito wake. Hakuna atakayekaa kwenye kiti cha karakana yangu kabla hajamsikia samaki akivuta."