Hamsini Iliyotoka na Hamsini Iliyorudi

Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka ishirini na tisa, na hadi leo nikikumbuka zile ndoo za chakula cha samaki nasikia aibu mpaka masikioni.

Baada ya kustaafu nilijiunga na kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu Pasiansi. Tulikuwa na kizimba kimoja cha kufugia samaki aina ya sato ziwani, na mzee mmoja mwenyeji wa Ukerewe ndiye aliyewalisha. Yeye alihesabu kwa ndoo: nane kwa siku, nne asubuhi na nne jioni. Chakula kikipungua stoo alimwambia mweka hazina, naye akanunua mifuko mingine. Mimi katibu niliona huo ni ushamba. Nilitaka tuzungumze kwa asilimia kama wataalamu, na wenzangu waliponisikiliza kwa heshima, kichwa kikanivimba.

Ukafika wakati maji yakabadilika rangi, samaki wakawa wanahema juu juu alfajiri. Mtaalamu wa samaki akashauri tupunguze chakula kwa nusu. Nikampigia mzee simu: punguza asilimia hamsini. Akashuka mpaka ndoo nne. Wiki mbili baadaye maji yakatakata, nikampigia tena.

"Sasa ongeza asilimia hamsini, baba."

"Hamsini ya hizi ninazotia sasa, mwalimu?"

"Ndiyo. Tuliondoa hamsini, tunarudisha hamsini."

"Nusu ya hizi za sasa?" akauliza tena.

"Ndiyo, baba! Hesabu niachie mimi!"

Nikakata simu. Nilikuwa nakaanga vitumbua na mafuta yalishaanza kutoa moshi.

Miezi miwili baadaye, siku ya kupima uzito, nilipigwa na butwaa. Samaki waliotakiwa kujaza sahani walikuwa hawazidi kiganja changu. Mama mmoja akasema waziwazi kilichokuwa vichwani mwetu: mzee anauza chakula. Nami, Mungu anisamehe, ndiye niliyesimama pale mwaloni, ufukweni yanapotia nanga mitumbwi, mbele ya wanakikundi tisa, nikamwita mwizi na kumtaka atukabidhi ufunguo wa stoo. Hakubisha. Aliuweka ufunguo juu ya mfuko wa chakula, akavaa kofia yake, akaondoka. Wiki haikwisha, hapakuwa na mwenye kizimba aliyetaka kumpa kazi.

Wenzangu wakataka ushahidi wa kupeleka serikali ya mtaa. Nikakaa mezani na risiti za mweka hazina, tena kwa hamu, nikijua leo namnasa. Mfuko mmoja hujaza ndoo nne. Kwa ndoo nane ni mifuko miwili kwa siku, ishirini na minane kwa wiki mbili. Risiti za wiki mbili za kwanza baada ya maji kutakata zilisema ishirini na mmoja. Nikafungua za wiki mbili nyingine: ishirini na mmoja. Sasa mtu ataibaje mfuko ambao haukununuliwa? Nikagawanya. Mfuko mmoja na nusu kwa siku, yaani ndoo sita.

Nusu ya nane ni nne, lakini nusu ya nne ni mbili. Hamsini niliyoiondoa ilikuwa ya nane, hamsini niliyoirudisha ilikuwa ya nne. Kutoka nne kurudi nane alitakiwa aongeze asilimia mia nzima. Nilipiga ukelele peke yangu sebuleni. Ni watoto wangapi niliowachapa kwa kukosa swali hilihili? Mzee hakuchukua hata punje. Alifanya nilichomwambia, tena aliniuliza kwanza, na aliyewaweka samaki na njaa ni mimi.

Nilimkuta mzee kwa binti yake, huko Kisesa, akipukuchua mahindi barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Sikukaa. "Baba, zilikuwa ndoo sita."

"Zilikuwa sita."

"Ulijua hazitoshi?"

"Nilijua. Ila wewe ndiye uliyewafundisha wanangu kuhesabu. Nikasema mwalimu ameona jambo ambalo mimi silioni."

Nikaketi sakafuni, kiti nikakiacha. Nikamwambia kikundi kinamtaka arudi, na kwamba Jumamosi nitamwomba radhi mbele ya wale wanakikundi wote tisa waliokuwepo. Nilisema hivyo nikiamini nimemaliza.

Akaendelea kupukuchua.

"Uliniita mwizi mbele ya tisa, ni kweli," akasema. "Lakini maneno yamenifuata mpaka huku. Juzi mwenye duka pale barabarani alinitazama mikono tangu naingia mpaka natoka. Sasa hao tisa wako watanirudishia nini?"

Nikainuka, nikamwomba anionyeshe duka lenyewe, nikaanzia hapo kueleza kwamba kosa lilikuwa langu.