Gari Halibebi Umio Peke Yake

Usiku mmoja, nikisubiri dawa kwenye zahanati hapa Karatu, nilisikia kwikwi moja. Mzee kutoka kijiji cha Kansay alikuwa ameketi na bakuli mapajani, akitema mate asiyoweza kuyameza. Kwenye sherehe ya ubatizo alikuwa amemeza mnofu wa mbuzi bila kuutafuna.

"Koo limeziba," mkewe alisema.

"Si koo, mama," tabibu alijibu, akishusha kidole kifuani mwa mzee. "Ni umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Njia ya hewa iko mbele yake, ndiyo maana anapumua. Lazima aende hospitali, na gari linasubiri barua yangu ya rufaa. Anaitwa nani?"

"Baba Paulo."

"Akina Baba Paulo ni wengi. Jina lake mwenyewe."

Kwa mila ya kwao, mke hataji jina la mume. Mzee akajaribu kujibu, mate yakamzidi, akarudi kwenye bakuli. Nje dereva akapiga honi.

Basi tabibu alijua jina la kiungo kilichoziba, asijue la mwenye kiungo. Na gari halibebi umio peke yake.

Mama akageukia ukuta, akaziba mdomo kwa khanga.

"Tluway," akalitaja jina la mumewe.

Mume akashtuka, akameza, mnofu ukashuka.