Landrova ya Kijiji: Kutoka Dar es Salaam hadi Msanzi

Mwaka ule shamba la pamoja lilitupa ulezi mwingi kuliko tulivyotarajia, na kijiji chetu, jirani na Msanzi, kikaamua kununua gari. Hakuna aliyeuliza la nini. Yustina, mke wa Paskali, alikuwa amempoteza mtoto njiani akibebwa kwa machela kwenda hospitali ya Sumbawanga. Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wa zahanati, na siku ile nilitembea pembeni ya machela nikiwa nimemshika mkono. Sasa alikuwa mjamzito tena.

Landrova ilipatikana Dar es Salaam, kwa walimu wa kigeni waliokuwa wakirudi kwao. Shida ikawa namna ya kuifikisha Ufipa. Mkutano wa kijiji uligawanyika. Vijana walitaka iendeshwe moja kwa moja. Wazee walitaka ipakiwe kwenye treni hadi Mpanda, ndipo iendeshwe kipande kilichobaki, kwa sababu ikipinduka hatuna nyingine. Aliyemaliza ubishi ni dereva mwenyewe, Ambakisye, Mnyakyusa aliyeoa kwetu na aliyewahi kuendesha malori.

"Tuipakie kwenye treni," alisema, akaketi.

Watu wakamsifu kwa busara. Mimi nikachaguliwa kufuatana naye, niwe macho ya kijiji.

Tuliondoka Sumbawanga kwa basi, mahindi ya kuchemsha yakiwa kwenye kikapu changu, na tukafika Dar es Salaam miguu imevimba. Gari tulilikuta zima. Lilikuwa la kijani, turubai lake limechanika upande mmoja, lakini injini iliitika mara moja. Ambakisye alilizunguka taratibu akigonga matairi kwa ncha ya kiatu. Nilimwona anafurahi.

Kesho yake tulikwenda stesheni ya mizigo. Karani alitusikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Ndugu zangu, mabehewa ya Mpanda yanabeba mbolea kwanza. Msimu wa kilimo umekaribia. Gari lenu litasubiri."

"Hadi lini?" nikauliza.

"Ningejua ningewaambia, dada. Pengine mvua zitakuwa zimeanza."

Nilijua maana yake. Mvua zikishika, barabara ya kutoka Mpanda huwa tope tupu, na gari linaweza kulala porini mpaka jua lirudi. Yustina asingeweza kusubiri hivyo. Tukapeleka simu ya maandishi kwa mwenyekiti wetu, Mzee Anselmi, kumwuliza tufanye nini. Jibu lake lilikuwa fupi: mlioko huko ndio mnaoona, amueni.

Tuliketi kwenye benchi nje ya posta. Nikamwambia Ambakisye, "Shemeji, dereva ni wewe. Tusubiri treni au tuendeshe?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi namfikiria Yustina."

Alitazama watu wanaovuka barabara. Hatimaye akainuka. "Basi tutafute madumu ya petroli," akasema.

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mashamba ya mkonge yalitusindikiza pande zote. Mikumi tulisimama kupisha tembo na watoto wake, nami nikasahau uchovu. Kitonga tulipanda kwa gia ya chini, injini ikinguruma, bonde likizidi kuzama chini yetu. Ambakisye aliimba nyimbo za kwao njia nzima. Iringa baridi ilitupokea, na huko Makambako upepo ulipenya turubai hadi nikajifunga vitenge viwili. Nikaanza kusema moyoni kwamba vijana walikuwa na haki. Lami nzuri, dereva mzuri, hofu ya nini?

Mbeya tulifikia kwa dada yake mkubwa, Mama Tusekile. Alitupikia ndizi na maharage, akatutandikia vitanda. Ila nilishangaa kuona mdogo wake hali, anayageuza maharage tu. Asubuhi, tulipokuwa tukiosha vyombo, mama yule alinisogelea.

"Dada, hapa mbele mna mteremko wa kushukia Mbalizi. Ukimwona amenyamaza, usimsemeshe."

"Kuna nini, mama?"

"Lori lake lilipinduka pale. Alikuwa amebeba watu waliotoka gulioni. Wawili hawakuamka. Breki zilikatika, na serikali haikumpata na kosa, lakini tangu hapo hajawahi kupita akiwa ameshika usukani."

Ndipo nilipoelewa maneno yake mkutanoni. Na ndipo nilipoelewa kile nilichomwomba pale kwenye benchi.

Juu ya mteremko Ambakisye alisimamisha gari pembeni na kuzima injini. Mikono ilibaki kwenye usukani. Jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Shemeji," akasema bila kunitazama, "nakuomba ushuke. Uteremke kwa miguu. Siwezi nikiwa na mtu ndani."

Nilitaka kumwambia kwamba ninamwamini. Nikaona maneno yangu yatamzidishia mzigo. Nikafungua mlango, nikashuka.

Landrova iliteremka polepole kama mtu mzima ashukaye ngazi. Nilitembea nyuma yake, malori yakinipita kwa kishindo, hadi kona ikaificha. Hapo nikaongeza mwendo. Nilipofika chini nililikuta gari limeegeshwa vizuri, naye amekaa kwenye majani akilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Nikakaa kando yake. Baadaye alijifuta uso kwa shati.

"Panda twende," akasema.

Baada ya Tunduma lami iliisha na vumbi likaanza. Laela tulikunywa uji wa ulezi kwa mama mmoja aliyenisalimu kwa Kifipa, na sauti yake ikanifanya nijione nimefika. Upande wa Zambia mawingu yalikuwa meusi. Matone ya kwanza yalitukuta tukiingia Sumbawanga.

Sokoni tulimwona Paskali, mume wa Yustina, amebeba kuku. Alitukimbilia akicheka.

"Amejifungua. Binti."

Yustina hakungoja gari. Alikuwa ameanza safari mapema, akitembea kidogo kidogo, akilala kwa ndugu, mpaka akafika kwa shangazi yake katika kijiji cha Mollo, karibu na hospitali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya gari letu haikuwa kumpeleka hospitalini. Ilikuwa kumrudisha nyumbani.

Safari hiyo ilinifunza jambo moja. Kijijini tulibishana juu ya treni na barabara usiku na mchana, tukahesabu hatari zote za gari, na hakuna aliyemwuliza mtu atakayeshika usukani kwa nini amesema alivyosema. Siku hizi, mtu akinyamaza mkutanoni baada ya neno moja, mimi humfuata nje nikamsikilize.

Tulimchukua Yustina huko Mollo mvua ikinyesha. Ambakisye alimfungulia mlango wa mbele, akamtazama mtoto kwa muda, kisha akaketi mahali pake.

"Endesha taratibu, shemeji," Yustina alimwambia. "Hatuna haraka."