Salamu Kutoka Murungu

Jamani, aibu hii nimekaa nayo miaka mingi na nilikuwa nimepanga kuzikwa nayo, lakini juzi kanisani mchungaji aliposema "kama kuna wageni tunaomba wasimame", nikajikuta nimeinama natafuta kiatu chini ya benchi wakati viatu vyote viwili viko miguuni, mke wangu akaniuliza una nini wewe, nikasema sina kitu. Kitu ninacho. Basi leo nawasimulia, mcheke, mkimaliza kucheka tuendelee na mambo mengine.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kijana wa Murungu, Kibondo, nimemaliza kidato cha sita na matokeo yametoka mazuri kiasi cha kunishangaza hata mwenyewe, nikapata ufadhili wa kwenda kusoma chuo kikuu Ulaya, nchi moja ya kaskazini kabisa ambayo mama yangu hakuwahi kulitamka jina lake likakaa sawa, akaishia kuiita Baridini. Kozi niliyoomba ilikuwa udaktari. Kusema kweli sikuwa na wito wowote, kuku akichinjwa mimi huwa nageukia ukutani, ila mwalimu mkuu alisema mwenye alama kama hizi huomba udaktari, nikaomba udaktari. Hata kabla sijapanda gari Murungu nzima ikaanza kuniita Daktari, na kuna mzee alinivulia shati njiani nimtazame jipu (nililitazama, nikasema litapona, na bahati nzuri likapona, hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika).

Waliniaga kanisani. Kwaya ya akina mama, ambayo mama yangu anaimba sauti ya pili, waliimba wimbo wa safari mpaka wengine wakashindwa kuumaliza, kisha wakanivisha koti. Hilo koti lazima niwaeleze. Lilikuwa la mtumba, la kijani, zito, akina mama walilichangia wakalinunua soko la Kibondo, halina kifungo hata kimoja, mama akalishonea vifungo vyeusi mpaka vikamwishia, cha juu kabisa akaweka chekundu. Baba alikuwa ameshafariki na dada zangu wameolewa mbali, kwa hiyo mama alikuwa anabaki peke yake, lakini siku hiyo alitembea katikati ya wenzake kichwa juu, sijawahi kumwona vile.

Halafu mchungaji akanipa kazi anayopewa kila msafiri wa kwetu, kupeleka salamu. Maana kwetu huingii kanisa la ugenini ukakaa kimya, utasimamishwa, utataja jina, utasema umetoka wapi, na utatoa salamu za waliokutuma, na wenyeji watajibu wamezipokea. "Ukifika kule wakisema wageni wasimame," mchungaji akaniambia, "usituaibishe." Nikaikariri hiyo salamu kwenye lori, nikaikariri kwenye treni, nilikuwa naisema hata nikiwa nakula.

Dar es Salaam, ofisini kwa wafadhili, nikamkuta dada mmoja mpole nyuma ya meza, akanitazama, akalitazama koti (Dar, mchana, mimi nimebeba koti), akasema, "Mdogo wangu, pole. Udaktari mwaka huu hawachukui tena wanafunzi wa kutoka nje. Kozi zilizobaki kwa wageni ni misitu, uvuvi na muziki."

"Ile yangu hairudi?"

"Hairudi. Misitu inaanza Januari. Ukitaka nakuandika sasa hivi, urudi nyumbani usubiri."

Nikasema niandike. Hapo hakuna kosa, mpaka hapo mimi ni mtu mwenye akili zake. Nina chuo, nina kozi, nina tarehe ya kuondoka, kilichobaki ni kurudi nyumbani na kusema, mama, si udaktari tena, ni miti, na si sasa, ni Januari. Sentensi moja tu. Lakini kwenye ile treni ya kurudi Kigoma kila nilipoijaribu hiyo sentensi nilimwona mama anatembea katikati ya wenzake kichwa juu, nikaimeza.

Kigoma nikapata lori la kwenda Kibondo. Tukapita Kasulu, tukafika Nyakitonto, dereva akasimama kushusha chumvi, nikashuka kunyoosha miguu. Ndipo nikafanya lile jambo dogo. Nikamwambia utingo anipe begi langu. Nilijiambia nitakaa hapa siku mbili, nipange maneno vizuri, nitapanda lori jingine. Lori likaondoka kwenda kwetu, mimi nikabaki barabarani na begi na koti la Ulaya.

Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa msimu mzima wa maharage. Nilipata chumba kwa mama mmoja mjane, Mama Jeremia, aliyeingia Tanzania akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake wakati wanakimbia Burundi, sasa ana shamba lake na heshima yake pale kijijini, akanipa chumba cha uani kwa kumsaidia kulima. Siku ya kwanza akaniuliza, "Iwanyu ni hehe?" yaani kwetu ni wapi, na mimi ninayeielewa vizuri kabisa lugha hiyo, maana Kiha chetu na Kirundi chao ni majirani wa ukuta mmoja, nikajifanya sikuelewa. Akarudia kwa Kiswahili. Nikasema Kigoma mjini.

"Mjini," akasema, akiniangalia ninavyoshika jembe. "Haya, mwana wanje," yaani mwanangu. "Lima."

Upweke wa pale sijui niuelezeje. Baridini mtu ukiwa mpweke una sababu, uko mbali. Mimi nilikuwa mpweke barabara inayokwenda kwetu ikipita mbele ya mlango. Watu wakinipita asubuhi, "Mwakeye," salamu ya nyumbani kabisa, nami nawajibu kwa Kiswahili cha redio ili wasijue nilikotoka, na kila nikijibu hivyo nahisi nimemkana mtu. Malori yanaelekea Kibondo mimi nageuza uso migombani asije akanijua mtu. Sikuwa na wa kuongea naye zaidi ya Mama Jeremia na mbuzi wake, na kwa mbuzi ndiko nilikosema ukweli wote.

Kanisani sikuwa naenda, na sababu mnaijua, kule husimamishwa wageni. Mama Jeremia alinialika kila Jumapili, nami kila Jumapili tumbo linaniuma. Lakini Jumapili moja ya Novemba, mvua inanyesha tangu alfajiri, nikaamka nikiwa sijasikia jina langu siku nyingi (kule nilijiita Daniel, mimi si Daniel), nikawasikia watu wanaimba kule kanisani, sauti inakuja na mvua, nikaona bora aibu kuliko huu ukimya. Nikavaa koti.

"Leo unapona tumbo kwa sababu kuna kwaya ya wageni," Mama Jeremia akasema njiani, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Sikumuuliza kwaya ya wapi. Hilo nalo ningeuliza tu, mdomo ulikuwepo.

Nikakaa benchi la nyuma. Kwaya ya wageni haijafika, gari lao limekwama kwenye matope, mchungaji akasema tuendelee, Bwana atawaleta. Wakati wa matangazo akasema, "Kama kuna wageni tunaomba wasimame." Mimi nikatazama chini. Mama Jeremia akanipiga kiwiko. Watu wakageuka. Nikasimama.

Nilikuwa nimepanga kusema naitwa Daniel, natoka Kigoma mjini, Mungu awabariki, nikae. Mnajua mdomo unavyokwenda wenyewe kwenye kitu ulichokikariri? Nimesimama mbele ya watu, koti mwilini, na tangu Agosti nimeibeba ile salamu bila mahali pa kuitua. Ikatoka yote. Nikataja jina langu, lile la kweli, na la baba yangu. Nikasema, "Nimetoka ng'ambo ya mbali, kutoka Murungu, Kibondo. Wakristo wa Murungu wanawasalimu sana. Wamenituma niwaambie kwamba, ingawa hatujaonana kwa macho, sisi ni ndugu, na ninyi msiache kutuombea."

Ng'ambo ya mbali. Kibondo. Watu wa Nyakitonto ambao wakitaka wanakwenda Kibondo kuuza maharage. Lakini ni watu wenye adabu, wakajibu kwa pamoja, "Tumezipokea," ila nikaona hawaniangalii mimi, wanaangalia nyuma yangu.

Nikageuka. Mlangoni wamesimama akina mama wamelowa, khanga zina matope mpaka magotini, sare ya kwaya naijua, na wa tatu kutoka kushoto ni mama yangu. Mchungaji, kwa furaha yake, hajui lolote, akawauliza, "Karibuni, karibuni, nanyi mmetoka wapi?"

Kiongozi wa kwaya, Mama Skolastika, mwanamke ambaye mdomo wake unaogopwa Murungu nzima, alinitazama kuanzia kifungo chekundu mpaka chini, akasema, "Murungu. Lakini naona salamu zetu zimeshafika."

Kanisa likacheka, lile kanisa lote, hata watoto ambao hawakuelewa. Mama hakucheka. Wakaenda mbele wakaimba, na wimbo walioandaa ulikuwa uleule wa safari, mama akaimba sauti ya pili akiangalia paa.

Mngedhani imeishia hapo. Pale baada ya ibada wageni wote hula pamoja nyumbani kwa mchungaji, na mimi nilikuwa mgeni, nimejitambulisha mwenyewe kwa ufasaha, kwa hiyo nikakalishwa meza moja na kwaya nzima iliyonichangia koti. Ugali, maharage, dagaa. Vijiko vikaanza kazi. Kisha Mama Skolastika akanisogezea bakuli. "Ongeza, Daktari," akasema. "Kumbe na Baridini kuna maharage."

Nilitoka nje nikasimama chini ya upenu wa bati. Mama akanifuata. Nikamwambia yote haraka haraka, udaktari umefungwa kwa wageni, imebaki misitu, Januari, nilishuka hapa siku mbili tu, sikutaka wakucheke. Ile sentensi moja iliyonishinda ilikwisha kabla maji hayajaacha kudondoka kwenye bati.

Mama hakuuliza habari ya udaktari hata kidogo. Alishika kile kifungo chekundu, akakivuta kuona kama bado kimeshika.

"Mimi nakuombea kila siku," akasema. "Nilimuuliza mwalimu, huko Baridini jua linakuchwa saa ngapi sasa hivi, akaniambia mapema, basi na mimi naomba mapema, nasema Bwana mfunike mwanangu kule giza limeshaingia." Akakiachia kifungo. "Kumbe maombi yangu yote yalikuwa yanakupita juu ya kichwa. Yanakwenda kule hayamkuti mtu. Na wewe uko hapa, hujaombewa."

Nililia, sifichi. Nililia mbele ya kwaya, Mama Jeremia na mchungaji mwenye furaha yake, nikapanda nao gari lilelile lililokwama, na lilipokwama tena nikashuka kusukuma na koti langu, na Mama Skolastika akasema angalau sasa Daktari amepata mgonjwa.

Januari nikaondoka kwenda kusoma misitu. Jumapili ya kwanza kule nikatafuta kanisa, theluji nje, nikakaa benchi la mbele kabisa wanione, ile salamu nimeitafsiri usiku kucha. Nikasubiri. Wakaimba, wakahubiri, wakatangaza matangazo, wakasimama wakampa mchungaji mkono mmoja mmoja mlangoni wakaenda makwao. Hakuna aliyesema wageni wasimame. Nilirudi chumbani nayo mdomoni, na Jumapili iliyofuata hivyohivyo, mpaka nikaacha kukaa mbele. Kitu kimoja tu kilinisaidia, giza likiingia nilijua Murungu kuna mtu anaomba, na safari hii niko pale anapopaombea.

Niliporudi likizo mama akaniuliza kama salamu zao zilipokelewa. Nikafikiria kumdanganya, nikakumbuka Nyakitonto. Nikasema, "Hawakuniuliza, mama."

"Basi zirudishe," akasema. "Si zako."

Jumapili hiyo Murungu mchungaji akasema wageni wasimame, na mama akanipiga kiwiko. Nikasimama kwenye kanisa nililobatizwa, nikasema nimetoka mbali, salamu mlizonituma hazikupata mtu wa kuzipokea, nimewarudishia. Nilitegemea wacheke, hata Mama Skolastika nilimwangalia. Wakajibu wote, polepole, "Tumezipokea," na mtu mmoja nyuma akasema pole.

Sasa mama ni mzee na mimi bado nasafiri na kazi ya misitu. Nimeapa, gari likisimama Nyakitonto sishuki, hata nibanwe namna gani nabaki kitini. Na popote nilipo lazima mama aambiwe, hata kama nimefika Kasulu tu kununua msumari. Hunijibu kitu kimoja siku zote, "Haya, ubaki hapohapo mpaka nimalize kuomba." Nami nabaki.