Mizani ya pamba

Kampuni ilikuwa na ndege moja na wazo moja. Wazo lenyewe tulielezwa katika soko la mji wa Baraka na ajenti wa kampuni, mwanaume wa koti la abakosi la kijivu, beji ya Chama kifuani, sauti kama ya mtu anayehubiri: ndege si ya wakubwa tena, kila mwananchi ataruka, bei ni ya kuku na si ya ng'ombe. Watu walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Nina haya ya kupiga makofi mbele ya watu, lakini siku ile ni kama mikono yangu ilijua.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alikuwa amepata nafasi katika shule ya wauguzi Bukavu. Nafasi yenyewe ilikuwa na sharti: Jumatatu asubuhi awe amesimama mbele ya mkuu wa shule, la sivyo wanamwita mwingine. Mvua ilikuwa imekata barabara juu ya Uvira, malori yamelala njiani, kwa hiyo mtumbwi wa injini ungeishia Uvira tu. Ikabaki ndege ya bei ya kuku. Baba akachukua tiketi ya Jumamosi.

Ajenti alituambia mzigo ukizidi hauendi. Hapo ndipo bamama wa kwetu walipoonyesha akili yao. Kwetu msafiri haondoki mikono mitupu. Mama mkubwa alileta unga, mwingine ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwingine bulangeti, mwingine beseni. Vyote havingeingia katika mzigo. Wakakaa, wakashauriana, wakaamua kwamba kinachopimwa ni sanduku, basi vitu vivaliwe. Yaya akavishwa bikwembe vinne vya kitenge, kimoja juu ya kingine, sweta mbili, na unga ukashonewa ndani ya pindo. Kisha, kwa kuwa msafiri haondoki na njaa, akalishwa bugali na samaki mpaka akaomba msamaha.

"Kula, mutoto," mama mkubwa akamwambia. "Tumbo hawapimi."

Uwanja wa ndege ni majani tu. Kabla ndege haijashuka kuna mtu wa kufukuza mbuzi. Pembeni, chini ya turubai, walikuwa wameweka mizani kubwa ya chuma yenye rangi ya kijani iliyobanduka upande mmoja. Baba aliitazama, akasimama.

"Hii ni ile ya pamba," akasema polepole.

Ni kweli. Kila msimu wa kuuza pamba mizani ile inaletwa, na kila msimu gunia la baba linapanda zito na kushuka jepesi. Kampuni ya ndege iliiazima. Baba hajawahi kubishana nayo. Anapokea alichopewa, anarudi nyumbani, anakaa kimya mpaka jioni.

"Sitwayene, panda," ajenti akamwambia yaya, kwa lile neno la Chama la kumwita mwananchi wa kike.

"Sanduku?"

"Sanduku na wewe. Kampuni inapima muntu na kitu chake pamoja."

Bamama wakatazamana. Yaya akapanda, mviringo kama mtungi, na mshale ukaruka. Watu waliokuja kuangalia ndege wakacheka.

"Wee, huyu amemeza muguu ya ng'ombe!"

"Mumupime na ile bugali inje!"

Nilitamani ardhi inifunike, na si mimi niliyekuwa juu ya mizani. Mama mkubwa akatandaza kitambaa kama pazia, na nyuma yake yaya akaanza kuvuliwa. Kikwembe kimoja, apande. Amezidi. Cha pili, apande. Amezidi. Sweta. Pindo likapasuliwa, unga ukamwagika kwenye majani. Sanduku likaondolewa. Bado amezidi. Yaya yangu ni mwembamba, mifupa ya mabega yake inaonekana hata gizani.

"Shefu," baba akasema, na nikashangaa kumsikia, "hii mizani ikipima pamba yangu inakuwa nyepesi. Leo mutoto wangu amekuwa muzito. Inapenda nini?"

Ajenti akatabasamu lile tabasamu lake la sokoni.

"Baba, hapa ni kazi ya kisasa. Abiria kwanza! Sisi hatudanganye. Lete simenti."

Akaletewa mfuko wa simenti, mzima, umeandikwa kilo hamsini kwa herufi ambazo hata mtoto wa shule ya primaire angesoma. Alitaka kumwaibisha baba. Mfuko ukawekwa. Mshale ukapita hamsini, ukapita sitini, ukatulia huko kama umefika nyumbani.

Ajenti akautazama. Sisi tukamtazama.

"Simenti imelowa," akasema.

Nimesoma mpaka sasa darasa la nne la sekondari na sijawahi kusikia jibu bovu kama hilo, na jibu hilo ndilo lililokaa. Watu walicheka mpaka mfukuza mbuzi akaacha kazi yake, lakini kicheko hakikubadilisha kitu. Mizani ilibaki mizani ya kampuni. Wakati wote huo, nyuma ya migongo yetu, magunia ya ndagala yalikuwa yanaingia ndani ya ndege, gunia baada ya gunia, bila kupanda popote. Ya mkurugenzi wa kampuni, watu wakasema. Ndipo nikaelewa lile wazo moja la kampuni. Viti vinauzwa rahisi, watu wanapimwa mpaka wabaki wachache, na samaki wanakalia nafasi yao.

Rubani akawasha injini. Yaya akanitazama. Akavua viatu vyake, vile vyeusi alivyonunuliwa kwa ajili ya Jumatatu, akanirushia. Akapanda mizani na kikwembe kimoja, blauzi, na diploma imefungwa kwenye plastiki.

"Bado kidogo," ajenti akasema.

"Basi nikate kichwa?" yaya akamwuliza.

Akashuka bila kungoja jibu, akatembea peku mpaka kwenye ndege, akapanda, akakaa juu ya gunia. Hakuna aliyemzuia.

"Kampuni inawashukuru, bananchi!" ajenti akatupigia kelele ndege ilipoinuka. "Vitu vyenu muniachie, vitafuata na ndege ingine."

Alinyoosha mkono kuchukua viatu. Mimi siwezi kusema na watu wazima, hata mwalimu huniambia nisome kwa sauti na sauti haitoki. Nilivificha nyuma ya mgongo, nikamkazia macho mpaka akaushusha mkono. Nikabeba beseni kichwani, na bulangeti ndani yake, mpaka nyumbani.

Wiki nzima hatukujua kitu. Kisha mama mmoja wa kwaya alirudi kutoka Bukavu na habari: mkuu wa shule alitazama miguu mitupu ya yaya, akanusa harufu ya ndagala, akauliza kama ametoka shule au ametoka sokoni, kisha akamwandika. Yaya aliomba kitu kimoja tu, viatu.

Barabara ilikuwa imefunguliwa. Mimi na mama tulivipeleka ufukweni mwa ziwa, kwenye mtumbwi unaokwenda Uvira. Ajenti alikuwa pale, anauza tiketi.

"Mama, mungenipa mimi," akasema. "Ndege ni haraka."

"Haraka yako tulishaiona," mama akamjibu.

Mwenye mtumbwi akavipokea, akavitupa juu ya mihogo, akaniuliza ni vya nani.

"Vya yaya," nikasema, na sauti ilitoka. "Muuguzi."